Tuachieni Kupwa kwa Bamvua: Barua ya Wazi kwa Wenye Boti za Lamu

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wenye boti za abiria za Lamu, Mokowe na kisiwa cha Pate,



Wengi wenu mwanijua kwa mikono tu: ile mikono myeusi inayopokea mashine mlangoni na kuirudisha baada ya siku tatu pamoja na karatasi ya gharama ambayo hakuna aliyepata kuifurahia. Leo karatasi ni nyingine. Nimeamua kuandika, tena hadharani, kwa sababu neno hili nimeshamwambia mmoja mmoja wenu, karakanani, barazani, na mara moja hata matangani, na kila niliyemwambia alinijibu kwamba maradhi ya mashine yako kwenye boti za wenzake.

Ombi langu ni hili. Kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mchague asubuhi moja ambayo nahodha hadaiwi hesabu ya siku. Asubuhi moja tu, tangu maji yanapoanza kupwa mpaka yanaporudi. Boti ikae mchangani, mashine ifunguliwe, na nahodha apewe posho yake kana kwamba amepiga safari.

Najua kuna aliyeanza kuzidisha: asubuhi mbili kwa mwezi, miezi kumi na miwili, ishirini na nne kwa mwaka. Naomba asimamishe vidole kwanza.

Maji ya kwetu hakuna asiyeyajua, ila nitayataja kwa ajili ya wale wanaomiliki boti wakiwa Nairobi na kuiona mara moja kwa mwaka, siku za Maulidi. Siku za bamvua bahari hujaa alfajiri na alasiri, na katikati yake, kiasi cha saa nne saa tano za asubuhi, hupwa mpaka ukaona mambo yaliyojificha siku nyingine. Kati ya maji makuu na kupwa kwake kuna karibu mita tatu. Saa hizo Siyu haifikiki. Mji wa Pate haufikiki, ndiyo maana abiria wake hushukia Mtangawanda. Faza unaliona gati, na kati yako na gati kuna tope. Na mlango wa Mkanda, hata uchimbwe namna gani, kingo zake hubaki kuwa matope na mizizi ya mikoko. Saa ninazowaomba, basi, ni zile zile ambazo boti yenyewe haina pa kwenda kwa heshima.

Sasa tazameni hesabu inavyofanya kazi. Nahodha anayedaiwa kiasi kile kile kila magharibi, iwe bamvua iwe maji mafu, hawezi kukubali kwamba saa nne asubuhi ni saa ya kukaa. Kwake yeye zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kukwangua: anainua mashine nusu, anapita Mkanda huku propela inakoroga tope kama mwiko kwenye uji, na ile pampu inayonyonya maji ya kupozea mashine inanyonya uji huo huo. Ya pili ni kupita nje: anatokea mlango wa Shela, anaizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu mpaka Manda Toto, ndipo aingie ghubani. Bahari ikiwa imelala, hiyo ni safari. Kusi likikaza, Juni na Julai, ni kamari, na dau lake ni watu.

Nilipata kuwa ndani ya kamari hiyo. Nilikuwa nakwenda Kizingitini kutazama mashine ya mvuvi. Boti haikuwa ya mteja wangu, na jina lake na la mwenyewe nimeyaweka kifuani. Ilikuwa Julai, bamvua, maji yanatoka. Omo ilikuwa imelemewa na magunia ya unga. Katikati walikaa wanawake na watoto, kijana mmoja na paneli yake ya sola, na mzee aliyekuwa na majogoo wawili waliofungwa miguu. Tulipofika usawa wa Manda Toto, maji yalikuwa yakivuta kwenda nje na upepo ukisukuma kuja ndani. Mlio baharini mwajua matokeo yake: mawimbi hayaviringiki tena, husimama wima, mafupi na ya karibu karibu, na boti haipati pa kupumulia.

Fundi husikia kabla ya kuona. Mlio wa mashine ulibadilika, ukawa mkavu. Nikageuka kutazama nyuma: mashine haikojoi. Ule uzi wa maji unaoruka kutoka kwenye kitundu cha pembeni, ambao ndio dalili ya nahodha kwamba pampu inafanya kazi, ulikuwa umekatika. Nikamwambia azime. Akanijibu, "Itatufikisha, fundi." Haikutufikisha. Haukupita muda pistoni zikashika, mashine ikanyamaza, tukasikia upepo tu.

Kilichoniogopesha ni kilichofuata. Abiria walisimama wote na kusogea tezi kwenda kuangalia. Ni tabia ya binadamu, kitu kikiharibika sharti akione. Lakini tezi ya boti zetu imekatwa chini mahali pa kufungia mashine, na tayari ina uzito wa mashine, wa nahodha na wa jerikani za petroli. Ukiongeza watu wanane hapo, ubao wa nyuma unakuwa sawa na bahari. Wimbi la kwanza liliingia kama mtu aliyealikwa. Jerikani zikaanza kuelea miguuni, kizibo kimoja kikafunguka, ngama ikanuka petroli, na mzee wa majogoo, kutuliza roho yake, akatoa sigara. Sijawahi kumpigia kelele mtu aliyenizidi umri ila siku hiyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki ukaenda zake, hutulia chini ndani ya ngama na kungoja cheche.

Nanga ilikuwepo. Amari yake ilikuwa kamba ya kufungia mbuzi, na urefu wake ulikuwa wa mbuzi pia. Nanga haishiki kwa uzito wake, hushika kwa kulala, na ili ilale amari inatakiwa iwe angalau mara tano ya kina cha maji. Upo wa kufulia maji haukuwepo, tukafua kwa sufuria mpya ya mama mmoja aliyekuwa akiipeleka harusini. Majaketi ya kujiokoa yalikuwepo pia, yote, kwa idadi inayotakiwa na sheria, chini ya magunia ya unga. Nasema haya bila kumlaumu nahodha, ambaye alikuwa hodari na ndiye aliyeokoa siku ile: aliwarudisha watu katikati mmoja mmoja kwa sauti ya upole, akafunga ndoo na turubai kwenye kamba na kuvitupa omoni viburure majini, mpaka boti ikageuza uso kuelekea mawimbi. Wavuvi walituona. Mashine yao ya farasi 15 ikamvuta mkubwa wake wa farasi 40 mpaka Mtangawanda. Hakufa mtu, ila jogoo mmoja, na huyo nadhani alikufa kwa hofu.

Wiki moja baadaye mashine ile ilikuja kwangu. Nikafungua sehemu ya chini, nikaitoa impela. Mnaolipa na hamjapata kuiona: ni gurudumu dogo la raba linaloenea kiganjani, lenye mabawa, na kazi yake ni kuzunguka na kupandisha maji ya bahari kwenda kuipoza mashine. Hii ilikuwa na mabawa sita ilipotoka dukani. Yalibaki mawili. Manne mengine yalikuwa yamevunjika vipande, na vipande vimepanda na maji na kwenda kuziba njia juu, karibu na kichwa cha mashine. Mchanga wa Mkanda ulikuwa umeyala kwa miezi, na kulikuwa na alama nyingine ninayoifahamu: raba imeungua upande mmoja. Maana yake mtu aliiwasha mashine pale ufukweni, juu ya kigingi, bila maji, "kuisikiliza tu." Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyavuta. Ikizungushwa kavu, hata nusu dakika ni nyingi.

Waliosema chombo cha kuzama hakina usukani hawakuwahi kufungua pampu ya maji. Usukani ulikuwepo na nahodha alikuwepo. Kilichokosekana ni kipande cha raba, na asubuhi moja ya kukitazama.

Ndiyo maana sizungumzi juu ya mashine na juu ya abiria kama mambo mawili. Kwenye gari ni mawili: gari likizimika unasukuma kando, unalaani, unapanda jingine. Hapa kwetu kando haipo. Mashine ndiyo breki na ndiyo usukani, maana boti isiyosukumwa haigeuki, na ndiyo inayoiweka omo mbele ya wimbi. Ikifa, kila kosa dogo lililokuwa limelala, amari fupi, upo uliosahauliwa, shehena iliyopangwa vibaya, huamka siku hiyo hiyo.

Niwaambie basi asubuhi hiyo ya bamvua ni ya kazi gani, kwa sababu nimesikia mmoja wenu akisema mafundi wanataka siku ya kunywa kahawa.

Kwanza ni chumvi. Kila lita ya bahari yetu ina kiasi cha gramu 35 za chumvi. Ndoo ya lita 20, basi, ina gramu 700, chumvi ya kupikia pilau za mtaa. Maji hayo hupita ndani ya mashine siku nzima. Mashine ikizimwa ya moto, maji hukauka na chumvi hubaki, ukoko juu ya ukoko, mpaka njia ya maji iliyokuwa ya kidole inakuwa ya sindano. Dawa yake ni kuisuuza kwa maji yasiyo ya bahari, dakika kumi au kumi na tano, kwa mpira wa bomba au ndani ya pipa. Hapa ndipo ninapopata jibu ambalo siwezi kulicheka: maji gani? Lamu mjini tunakunywa maji ya visima vya Shela. Pate watu wanategemea mvua iliyotunzwa kwenye jabia, na ukame ukija ndoo ya maji ya kunywa ni habari ya familia. Nani atamwaga maji ya jabia ndani ya mashine mbele ya mama aliyepanga foleni?

Hakuna anayewataka mfanye hivyo. Karibu kila kijiji kina kisima ambacho watu wamekiacha kwa sababu maji yake yana ladha ya chumvi. Maji hayo hayanyweki, lakini kwa mashine ni asali. Chumvi inayoonjeka kisimani ni kidogo mno ukilinganisha na ya bahari. Pipa moja la maji ya kisima cha namna hiyo, likae kivulini ufukweni, linahudumia mashine kadhaa asubuhi moja. Yakianza kuonesha utando wa oili, yabadilishwe, na yasimwagwe baharini wala karibu na kisima. Nimefanya hivi miaka mingi, na mashine zinazopita kwenye pipa langu sizioni tena karakanani mpaka nazisahau. Ndiyo, najikatia riziki mwenyewe. Tutaongea baadaye.

Pili ni geaboksi, na hapa adui ni mvuvi asiye na nia mbaya. Mshipi wa nailoni uliotupwa unazagaa majini, propela inauokota, unajisokota nyuma yake kwenye shafti na kuikata sili kidogo kidogo kama uzi ukatao sabuni. Sili ikikatika, oili inatoka na bahari inaingia. Njia ya kujua ni rahisi: legeza skrubu ya chini, tazama tone la kwanza. Oili safi ina rangi ya oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na gia zina siku chache za kuishi. Kuivua propela na kuondoa mshipi ni kazi isiyomaliza kikombe cha kahawa. Kununua gia mpya, mwenye boti hutafuta mkopo.

Tatu ni oili ya kuchanganya, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimechoka. Mashine zetu nyingi ni zile za stroki mbili, ambazo hazina oili yake ya ndani. Zinalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Kwa nyingi kati ya hizo, zikishazoea, kiwango ni lita moja kwa lita 50, yaani jerikani ya lita 20 inataka mililita 400. Manahodha wetu hupima kwa chupa ya soda. Chupa ya soda ya kioo ni mililita 300. Chupa moja kwa jerikani moja inakupa sehemu moja kwa 67 hivi, na katika hali hiyo mashine inatembea, tena inatembea vizuri, moshi kidogo, sauti nyepesi, mwenye boti anafurahi kwamba oili imeokolewa. Halafu siku moja yenye jua kali na abiria wengi, kasi ya juu mfululizo, pistoni inashika ndani ya silinda. Wengine wanazidisha kwa kuogopa hilo; hao plagi zao zinalowa na kuzimika mashine ikiwa polepole, mara nyingi gatini, penye watu. Na kuna wanaotia oili ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Oili ya gari haikuumbwa kuungua, huacha majivu. Tazameni kwenye mkebe herufi hizi: TC-W3. Mkebe usiokuwa nazo haufai mashine ya boti ya kuchanganya. Mnunulieni nahodha kikombe cha kupimia chenye mistari, kile cha jikoni. Kama hampendi kutoa pesa, njooni mchukue kwangu.

Mafuta yenyewe sitayachambua sana. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, na mrija wa kunyonyea nao uko chini. Chujio lenye kikombe kinachoonesha maji lifungwe, litazamwe, limwagwe. Jerikani zifungwe zisimame, mbali na miguu ya abiria.

Na kama mashine imezama, maana hutokea, imeponyoka kwenye ubao au boti imepinduka gatini, tafadhalini msiitoe na kuianika juani siku mbili huku mkishauriana. Kinachoiua si maji, ni chumvi pamoja na hewa. Ikishatoka inaanza kuoza papo hapo. Isuuzeni kwa maji yasiyo ya bahari, toeni plagi, igeuzeni maji yatoke, mimineni oili kwenye silinda na kuizungusha kwa mkono, na msilale kabla haijamfikia fundi. Ikiwa fundi yuko mbali, ni afadhali iendelee kulala ndani ya pipa la maji baridi kuliko kuanikwa.

Haya yote yanakula nusu ya asubuhi. Nusu iliyobaki ni ya vitu vinavyowahusu watu, na hapo nahodha anaongoza, fundi anakaa kimya. Amari ipimwe. Upo ufungwe kwa kamba ili usielee ukaondoka siku unapohitajika. Makasia mawili na pondo viwepo. Plagi za akiba, kamba ya kuwashia ya akiba, pini ya propela na spana ya plagi, ndani ya dumu lisiloingia maji. Tochi. Taa za usiku, nyekundu kushoto na kijani kulia, na ile nyeupe ionekane pande zote. Tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe mwezi Mei 2021, ghuba ya Manda inapitiwa na meli ambazo haziwezi kusimama kwa ajili yenu hata zikiwaona.

Majaketi yatolewe yote, yaanikwe, na yale yaliyooza mikanda yatupwe. Nimewasikia mkisema abiria hawapendi kuyavaa. Ni kweli, na nimeuliza kwa nini. Wanawake wengi waliniambia jambo lile lile: yananuka, yana majimaji na yanachafua buibui. Hakuna aliyesema haogopi bahari. Jaketi lililofuliwa na kukaushwa, akikabidhiwa mtu mkononi wakati wa kupanda, huvaliwa. Na muwe na ya watoto. Jaketi la mtu mzima likivishwa mtoto wa miaka minne, mtoto hutokea chini nalo likabaki juu.

Na ile kamba nyekundu. Kila mashine mpya huja na kamba fupi iliyojisokota kama mkia wa nguruwe, upande mmoja una klipu inayoingia kwenye swichi, upande wa pili nahodha anajifunga mkononi au mguuni. Akianguka, kamba inachomoka, mashine inazima. Nikitazama boti zinazofunga gatini, nyingi zina klipu tu, imechomekwa na kusahauliwa, au kipande cha waya mahali pake. Nahodha akianguka kwenye boti ya namna hiyo, mashine haimjui. Mkono wa mashine unapinda, boti inaanza kuzunguka duara, na duara hilo linamrudia yeye majini, pamoja na propela. Abiria hawajui pa kuizimia. Hiyo ni kamba ya bei ndogo. Vile vile na vijana wanaovuta kamba ya kuwashia mashine ikiwa kwenye gia: boti inaruka, aliyesimama omoni anakwenda.

Mtaniambia haya yana wenyewe. Kuna Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009, kuna mamlaka ya bahari inayotoa leseni, na tangu mwaka 2018 kuna walinzi wa pwani. Wote wana kazi yao. Lakini mkaguzi, awe mkali kiasi gani, anaweza kuhesabu majaketi na kusoma cheti. Hawezi kuiona impela iliyo ndani ya chuma, wala kujua nahodha alipima oili kwa chupa gani. Na mamlaka haipangi hesabu. Hesabu mnaipanga ninyi, mkiwa mmekaa, na ninyi tu ndio mnaoweza kuilegeza.

Bibi mmoja kati yenu, mjane, mwenye boti moja, aliniuliza swali ambalo wanaume wote hawakuniuliza: akiiweka boti yake chini asubuhi hiyo na jirani yake asiiweke, si abiria watahamia kwa jirani? Watahamia. Ndiyo sababu barua hii ni ya wazi na imeandikwa kwenu nyote. Mtu mmoja akikaa, amepata hasara. Mkikaa nyote, saa zile ambazo boti hazina njia, abiria atafanya alivyofanya babu yake, atangoja maji. Wagonjwa wasingoje. Kila bamvua boti moja, kwa zamu, ikae tayari mahali penye maji, mashine yake ikiwa imeshatazamwa siku iliyotangulia, kwa ajili ya mgonjwa na mzazi. Bibi yule alisema zamu ya kwanza ataichukua yeye.

Kuhusu riziki yangu: mashine zikitunzwa nitatengeneza chache, hilo nimelipiga hesabu. Impela nitaendelea kuuza. Na nina wanafunzi wawili wanaojua kubadilisha pistoni kuliko wanavyojua kuizuia isiharibike, aibu ambayo ni yangu mimi niliyewafundisha.

Bamvua la mwezi mpevu ujao, kuanzia saa mbili asubuhi, nitakuwa ufukweni na mapipa mawili ya maji ya kisima, mkebe wa grisi, spana zangu, na kikombe cha kupimia chenye mistari. Sitamtoza mtu kwa kutazama. Wekeni boti juu kabla maji hayajakimbia, mashine ikiwa imeinuliwa, na mje wenyewe. Msimtume nahodha peke yake. Nataka mwenye boti ailegeze skrubu ya geaboksi kwa mkono wake, aone tone la kwanza lina rangi gani.

Wassalamu alaikum,

Fundi wenu wa mashine,
Lamu